Mtani wa Wafu wa Sterling

Alizaliwa Dorothea Gama mwaka 1961, katika kijiji kimoja cha Wangoni nje ya mji wa Songea, binti wa seremala wa misheni. Babu mzaa babu yake alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906 na kutupwa katika kaburi moja na wenzake. Kila mwaka shangazi yake alimpeleka pale, akamfundisha kulitaja jina la babu kwa sauti, si kwa kunong'ona. Wajerumani walishaondoka, shangazi alisema, sasa unamwogopa nani? Jambo la pili alilolelewa nalo ni utani. Wangoni na Wahehe walipigana mpaka wakachoka kuuana, na kutoka katika damu ile ukazaliwa utani: Mhehe humtukana Mngoni hata msibani, na Mngoni hana ruhusa ya kukasirika. Tena mtani ana kazi yake. Kaburi likishachimbwa hushuka ndani, akalala mahali pa maiti, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe kitu. Watu hucheka huku wanalia, kisha ndipo maiti huzikwa. Dorothea aliyaona haya tangu utoto, wala hakujua kwamba Mungu alikuwa anamfundisha kazi.

Alikuja Marekani mwaka 1999 kama yaya wa familia moja ya Kitanzania. Familia iliporudi nyumbani yeye alibaki, akapanga chumba Hyattsville, Maryland, akaingia kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Yaliyompata miaka ile ndiyo yaliyotupata wote, na tumeyanyamazia wote: mzee anayekataa kushikwa na mkono mweusi huku anasubiri mkono huo huo umbadilishe nepi, na binti yake anayesema eti baba ana maumivu tu, msamehe. Dorothea alisamehe. Lakini hakusahau, na waandishi wa maisha ya watakatifu wanaosema mtu akisamehe husahau, hao hawajawahi kusamehe kitu kikubwa.

Wito wake ulimfikia Sterling, Virginia, mwaka 2019, nao ulikuja kwa njia ya ugomvi. Alipangiwa kumtunza bibi kizee Mmarekani mweusi, mama yake Queen Tolliver, Queen mwenyewe akiwa dereva mstaafu wa mabasi ya shule. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kipande cha msitu, na ndani yake mawe ya shambani yaliyosimamishwa wima, hayana herufi hata moja, katikati ya majani yanayotambaa yenye maua ya samawati. Chini ya mawe yale walilala watumwa waliolima ardhi ile, wazee wa ukoo wa Queen. Pande zote nyingine zilikuwa zimeshajengwa vituo vya data, majumba makubwa yasiyo na madirisha, ambamo kompyuta hunguruma bila kupumzika. Kampuni moja ilikuwa imeshaununua na msitu ule.

Wiki ya kwanza Queen alisimama mlangoni akamtazama mgeni anavyomlisha mama yake uji. "Ninyi Waafrika ndio mliotuuza," alisema.

Dorothea hakugeuka. "Wewe? Na mdomo huo? Mnunuzi angekurudisha kabla ya jioni."

Kisha bibi kizee, ambaye hakuwa amecheka tangu alipoanguka bafuni, alicheka mpaka uji ukamtokea puani, na Queen akashika ukuta asianguke. Dorothea akatambua kilichotokea. Neno kama lile humwambii ndugu, na adui ukimwambia atakuchoma kisu. Yupo mtu wa aina moja tu unayeweza kumwambia. "Wewe ni mtani wangu," alimwambia Queen, akamweleza maana yake, na Wangoni na Wahehe, na kaburi. Tangu siku hiyo walitukanana kila asubuhi kabla ya kahawa. Bibi alipofariki, Dorothea alikuwa amemshika mkono upande mmoja, Queen upande wa pili. Majina ya waliolala msituni bibi alikuwa amemwachia Queen kwa kinywa, akamkataza kuyatoa nje ya ukoo. Kila kitu kingine walishatunyang'anya, alisema, haya yabaki ndani.

Hapo yakaanza majaribu. Jaribu la kwanza lilitoka kwetu sisi wenyewe. Baada ya misa ya Kiswahili, Dorothea alisimama ukumbini akaomba watu waende Sterling kusimama na Queen na majirani zake. Fidelis, mwenyekiti wa jumuiya, aliweka kikombe chini. "Mama Dorothea, wale wana mambo yao. Sisi tumekuja kutafuta maisha."

"Fidelis, polisi akikusimamisha barabarani huwa anakuuliza kwenu ni wapi kabla hajashika bastola?"

"Mimi karatasi zangu ziko sawa."

"Basi mwambie azisome kwanza."

Watu waliendelea na chai. Na iandikwe hapa, maana wengi wa waliokunywa chai ile leo wanavaa fulana yenye picha ya Dorothea.

Jaribu la pili lilikuwa mwezi Machi 2022, katika kikao cha wakubwa wa mji kilichojadili kibali cha ujenzi. Mwenyekiti alitangaza kwamba atawasikiliza tu wenye uhusiano na waliozikwa. Queen alisema wale ni wazee wake, akatakiwa alete vyeti vyao, kana kwamba mtumwa alipewa cheti. Ikafika zamu ya Dorothea. Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha kazi, ila kwa habari ya wafu alitaka lugha inayomtosha, akaja na mkalimani, Leonard, Mhehe wa Iringa aliyefanya kazi ya ofisini. Mwenyekiti akauliza, huyu mama ni nani wa hao marehemu? Dorothea akajibu kwa sauti ile aliyofundishwa na shangazi: "Mimi ni mtani wao."

Leonard, ambaye neno lile alinyonya nalo ziwa la mama, alitazama zile suti zilizopangwa mbele yake, akaona haya. Akasema kwa Kiingereza kwamba mama huyu ni mchekeshaji wao. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akasema kikao hakina muda wa vichekesho, kipaza sauti kikazimwa, na kibali kikapita.

"Dada, Kiingereza hakina neno hilo," Leonard alimwambia kwenye korido.

"Ungelisema kwa Kiswahili, wakauliza maana yake." Kisha akaongeza: "Mhehe wewe, nenda kale mbwa wako."

Ndilo tusi la kawaida kati yao, na siku zote Leonard hulijibu. Siku ile aligeuka akaenda zake.

Mwezi Novemba mashine ziliingia msituni. Queen na wenzake walisimama nje ya uzio wakiimba kwenye mvua. Dorothea alipita palipo na upenyo, akashuka katika mtaro uliokuwa umeanza kuchimbwa, akalala chali, mikono kifuani. Dereva alizima mashine. Polisi walikuja, wakamuuliza anataka nini ndipo atoke.

"Nilipwe," alisema. "Mtani hatoki kaburini bure."

"Dola ngapi?" aliuliza polisi mmoja, na wenzake wakacheka.

"Sitaki hela. Nataka majina yao."

Hawakuwa na jina hata moja la kumpa. Walimwacha kwenye maji ya baridi mpaka mchana, kisha wakamnyanyua kama gunia wakamtoa. Mahali alipokuwa amelala, matope yalikuwa yamebaki na umbo la mgongo wake, na ndani ya umbo lile palionekana meno ya mtu na kifungo cha mfupa. Watu wote waliokuwa kwenye uzio waliyaona. Kwa sababu ya mabaki yale kazi ilisimamishwa upande huo, na sehemu hiyo ikazungushiwa uzio mpaka leo. Upande mwingine wa msitu ulifunikwa kwa zege, pamoja na waliokuwamo.

Homa ya mapafu ilimshika wiki ile ile. Alikufa Januari 2023, na nesi wake, Chepngetich kutoka Eldoret, ndiye aliyesikia neno lake la mwisho. "Nilidhani anaulizia bili," Chepngetich husimulia. "Alisema, 'Bado sijalipwa.' Nikamwambia tulia, mathe, mambo ya pesa baadaye. Kumbe sikuelewa kitu."

Alizikwa Maryland. Kaburi lilikuwa tayari na padre ameshafungua kitabu, Leonard alipotoka katikati ya watu, akavua viatu, akashuka kaburini na suti yake, akalala mahali pa Dorothea. Fidelis alimwita kwa jina, akamsihi, akamwambia anatuaibisha mbele ya Wazungu. "Sitoki," Leonard alijibu kutoka chini, analia. "Mngoni huyu alikuwa mbishi, mfupi, na uji wake ulikuwa na mabonge, wala sitoki mpaka nilipwe deni lake."

Mfanyakazi wa makaburini, kijana Mzungu mwenye koleo, alimgeukia mtu aliyekuwa karibu naye akauliza, huyu ni nani? Aliyekuwa karibu ni Queen. Alijibu kwa neno moja la Kiswahili, na hakulitafsiri.

"Mtani."

Kisha akapiga magoti ukingoni mwa kaburi, akafanya alichokatazwa. "Easter," alisema. Akaomba radhi kwa mama yake, akaendelea. "Big Harry. Winny wa jikoni. Mtoto wa Winny, aliyekufa kabla hajapewa jina." Alipomaliza yote aliyoachiwa, Leonard alinyoosha mkono, naye Queen akamvuta juu. Ndipo Dorothea akazikwa.

Hakuna askofu aliyemtangaza mtakatifu, na sisi hatusubiri. Kila Novemba tunakwenda Sterling kwenye kile kipande kilichobaki, na tunayataja majina yale kwa sauti kubwa, maana ngurumo za majumba yale huwa zinataka kuyameza. Fidelis naye huja, husimama nyuma. Wewe unayetaka kumfuata Dorothea, usilete maua. Simama pale ukingoni mwa zege, wataje, na mlinzi akija kukuuliza wewe ni nani wao, mjibu. Usimtafsirie.