Leo Nimemtangulia Omolo

Leo nimemaliza mbele ya Omolo kwa mara ya kwanza, na nimelia kama mtoto.

Mnamjua. Bingwa wetu wa mbio ndefu, yule wa medali, wa hapa Rangwe. Shuleni miaka yote nilikuwa namba mbili. Nilivijua visigino vyake kuliko uso wake.

Leo tulikuwa kwa mazishi yake.

Wanaume tukatoka kwa tero buru, zile mbio za kuswaga ng'ombe ili kufukuza kifo nyumbani. Wakati wa kurudi, karibu na geti, nikaona hakuna mtu mbele yangu.

Miguu ikagoma. Jamani, ningeingiaje kwa Omolo kabla ya Omolo?

Mama yake akaniona.

"Ingia, mwanangu. Yeye alikuwa anamaliza, halafu anawangoja."

Ni kweli. Hakuwahi kutoka kwa mstari kabla ya mtu wa mwisho kufika.

Nikaingia. Nikageuka, nikasimama hapo getini, nikampa kila mmoja mkono, mpaka mwalimu wetu wa michezo akafika peke yake, akivuta lile goti lake bovu.

Wewe uliyewahi kukimbia naye, niambie hapa chini: alikungoja?