Siku Niliyotolewa Ukumbini kwa Kunukia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba ya wageni kule Sur, pwani ya Omani, nilifungua mlango wa chumba nikamkuta mgeni kalala juu ya shuka jeupe na viatu vyake miguuni. Viatu vyenye tope! Nilipiga ukelele mpaka mgeni akakurupuka, akadhani nyumba inaungua. Mkuu wa Vyumba, mama wa Kigoa aliyekuwa hacheki na mtu, alinivuta nje akanambia, "Zuwena, kazi yetu si kushangaa. Kazi yetu ni kutandika."

Basi wanangu, kutandika nimekujua. Kushangaa sijaacha mpaka leo.

Nyinyi mnaoingia kazi za hoteli sasa mna vyeti na kompyuta. Sisi tulifundishwa kwa macho. Shuka unalikunja pembe kama bahasha, kisha unalichomeka chini ya godoro mpaka lisionekane limepita wapi. Taulo huianiki juani kutwa, ikawa ngumu kama dagaa. Ufunguo wa vyumba vyote unaufunga kiunoni, humwazimi mtu, na huutumii mpaka ubishe hodi kwanza.

Kabla sijaanza, nilimwekea Mudiri wa Sur, yaani meneja wetu, sharti moja tu: ulevi siugusi. Chupa sibebi, bilauri yake siioshi. Akacheka akasema, "Bi Zuwena, wewe ni wa shuka, si wa baa." Lakini doa halisikii sharti, linakuja lenyewe na vitambaa vya meza. Nikajifunza kulitoa na glavu za mpira mikononi: chumvi kwanza, kisha maji baridi, na maji ya moto usiyasogeze kabisa maana yanalipika doa likaganda. Kwa hiyo mvinyo mwekundu mimi niliujua kwa madoa yake tu.

Kutoka Sur nilipelekwa Ras al Hadd, ambako wageni huja kutazama kasa wanataga. Huko mchanga ulikuwa kila pahala, mpaka ndani ya foronya, na mgeni mmoja nilimkuta kamtia mtoto wa kasa ndani ya bafu ajifunze kuogelea. Lahaula! Kisha Ibra, kwa Mudiri mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akipanda kiti kukagua vumbi juu ya mapanga ya feni. Mwisho nikapandishwa cheo, nami nikawa Mkuu wa Vyumba, katika hoteli ya mlimani juu ya Birkat al Mauz. Huko nilikuwa kama nyumbani, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa na shamba la migomba na mitende pale chini.

Mudiri wetu wa mlimani alikuwa kijana wa Kiomani aliyezaliwa Bujumbura. Kiswahili chake cha bara, na Kifaransa kilimtoka kama maji. Mwaka wangu wa mwisho, nikiwa nahesabu wiki za kustaafu, alituita wakuu wa idara ofisini kwake. Siku ile hakutulia kitini.

"Tunapata ugeni mkubwa," alisema. "Anakuja mzee mwenye shamba la mizabibu kule Ufaransa. Familia yake iko hapo vizazi na vizazi, na mvinyo wake dunia nzima inaujua. Tutaandaa lunch, na siku hiyo atafungua chupa za miaka mbalimbali awaeleze wageni kila mwaka ulivyo."

Akatueleza habari za shamba hilo. Kuna jumba la mawe, kuna changarawe tupu, kuna mapipa ya mti yanalala gizani kama maiti. Na mizabibu yenyewe, alisema, hawaimwagilii maji.

"Hawaimwagilii?" nikaropoka. "Wana ukame?"

"Wana mto kabisa, Bi Zuwena. Hawataki. Mizizi iende chini ijitafutie yenyewe."

Nilibaki mdomo wazi. Sisi pale Birkat al Mauz watu wamenuniana miaka kwa zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba, na wenzetu wana mto wanautazama tu! Akaendelea kutwambia kwamba wajuzi wa mambo hayo huuzungusha mvinyo ndani ya bilauri, wakaunusa, wakasukutua, kisha wakautema. Wakautema! Sasa dhambi yote hiyo umeibeba ya nini?

"Sikilizeni hii," Mudiri akasema. "Kila mwaka mzee mwenyewe ananusa mapipa yote. Anaamua lipi litapewa jina la shamba, na lipi litauzwa bila jina. Hapo ndipo utukufu wote ulipo. Pua yake ikikosea, jina la shamba limekwisha. Anakuja na binti yake, lakini huyo anafungua chupa tu. Mzee hamwachii kusema."

Haya, nambieni nyinyi, ugeni mkubwa kama huo kwetu unapokelewaje? Nilikwenda nyumbani nikatoa udi wangu wa kupika mwenyewe, ule niliouweka kwa ajili ya harusi. Nikawasha makaa, nikatia udi kwenye chetezo, nikaufukiza ukumbi tangu asubuhi: mapazia, mazulia, viti, hata vitambaa vya meza. Ukumbi ulinukia mpaka walinzi wa getini wakawa wanavuta pumzi na kumhimidi Mungu.

Wageni wakafika. Mzee aliingia wa kwanza, mrefu, mweupe, koti limemkaa vizuri. Akasimama karibu na chetezo changu, moshi unampanda usoni, akatabasamu, akanipa mkono. Nikafurahi. Nyuma yake akaingia binti, mwanamke wa makamo na nywele fupi. Alipiga hatua mbili akajiziba pua kwa mikono miwili, akapiga kelele kama aliyekanyaga nge.

"Anasema nini?" nikamwuliza Mudiri.

Mudiri alikuwa kabadilika rangi. "Anasema umeuharibu ukumbi. Mvinyo huu unanuswa, Bi Zuwena! Kukiwa na harufu nyingine hakuna kazi."

Wallahi sijapata kusikia. Kinywaji kinachoogopa udi!

Siku mbili tulizokuwa nazo kabla ya lunch zilikwisha kwa kutungua mapazia, kufua, kuanika mazulia juani na kupangusa kuta kwa siki. Mudiri akatoa amri kwamba mfanyakazi yeyote asijitie manukato, wala marashi, wala sabuni ya kunukia. Waomani, tupokee wageni bila ya kunukia! Vijana walikuwa wanatazamana kama waliotoka uchi. Kisha binti akapita ukumbini kukagua, akasimama mbele yangu, akanusa, akamnong'oneza Mudiri. Mudiri akashindwa kunitazama usoni.

"Bi Zuwena, samahani sana. Nguo zako. Hata nywele. Itabidi utoke humu."

Mimi! Ukumbi wangu mwenyewe, nitolewe kwa kunukia! Ningetolewa kwa kunuka ningeelewa. Nguo zangu zimefukizwa tangu nilipokuwa mwari, udi umeshaingia mpaka kwenye mifupa. Nilitoka, na nyuma yangu Mudiri akaongeza, "Na nikiona tena moshi humu ndani, wallahi utateremka mlima siku hiyo hiyo. Usiningoje nikuage."

Mnaelewa maana yake. Mwisho wa mwezi ule nilikuwa niagwe mbele ya wafanyakazi wote, baada ya umri mzima wa kutandika. Nilishashona nguo ya siku hiyo.

Asubuhi ya siku ya lunch nilikuwa napita kukagua vyumba vya juu, na mlimani kulikuwa na baridi kali. Nikasikia harufu ya sufu inaungua. Niliifuata mpaka mlangoni kwa Mzee, nikabisha, sikungoja jibu, nikafungua. Koti lake alilitundika juu ya hita, na mkono wa koti unatoka moshi mzito wa kukereketa. Yeye kakaa kwenye kiti pale pale mbele yake, ameipa hita mgongo, anasoma gazeti kwa raha zake!

Nililinyakua lile koti nikalitupa bafuni, nikalifungulia maji. Niliporudi, Mzee alikuwa kasimama, gazeti limemwanguka. Hapo ndipo nikakumbuka alivyosimama karibu na chetezo changu akitabasamu, asikohoe wala asigeuze uso. Maradhi yale yaliyofunga viwanja vya ndege dunia nzima yalinipitia na mimi, na mwezi mzima sikunusa kitu. Nilikuwa nafukiza nguo nikilia, nikidhani udi wangu umeharibika. Mimi zilinirudi fahamu za pua. Yeye hazikumrudi.

Kiingereza chake kibovu na changu cha hoteli, lakini tulielewana.

"Umejua," akasema.

"Nimejua."

"Nani mwingine?"

"Mimi na Mungu."

Akaketi tena, kama mtu aliyeondolewa mifupa. Akanambia hata binti yake hajui. Ikijulikana, wanunuzi watauliza nani aliyechagua mapipa ya miaka hii, na jina la babu zake litaokotwa jalalani. Na mchana huu atatakiwa anuse mbele za watu. Kisha akanishika mkono, mzee wa heshima zake, akasema, "Moshi wako. Uwashe tena. Ukumbi ukijaa moshi, hakuna atakayenitaka ninuse."

Toba! Juzi nafukuzwa kwa ajili ya udi, leo naombwa udi!

Nilitoka nikaufunga mlango. Hasira zilinishika, nikajisemea, huyu na mvinyo wake wananihusu nini mimi, niliyewekea ulevi sharti tangu Sur? Lakini nilipofika stoo nikaiona nguo yangu ya kuagwa imening'inia, na bado niliuona uso wake. Sisi tumelelewa kumsitiri mtu. Aibu ya mtu ukiiona unaifunika, humwulizi kwanza anakunywa nini. Nikawasha makaa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bilauri kubwa kama mabakuli mezani, binti anafungua chupa, na Mzee kasimama katikati na mvinyo mkononi. Wageni wote wanangoja aunuse. Nikasukuma mlango wa pembeni, nikaingia na chetezo kinafuka, nikapita baina ya meza.

Binti alipiga kelele. Chupa nusra imponyoke.

"Bi Zuwena!" Mudiri alinijia kama atakayenipiga. "Nani kakutuma?"

"Hakunituma mtu. Ndio desturi yetu."

"Nilikwambia nini mimi? Nilikwambia nini? Teremka! Leo leo! Nipe huo ufunguo!"

Nikaufungua ufunguo wa vyumba vyote kiunoni mwangu. Fundo lilinikatalia, na watu wote wananitazama. Nikautia mkononi mwake. Nikageuka zangu na chetezo, machozi yananitoka, mbele sioni.

Nikasikia Mzee anasema neno kwa Kifaransa. Kisha jingine. Ikabidi nigeuke.

"Anasema..." Mudiri alianza. "Anasema usiguswe. Anasema yeye ndiye aliyekuomba." Akaendelea: "Anasema hanusi kitu. Tangu maradhi yale, hajanusa kitu chochote."

Binti kaweka chupa chini polepole, uso hauna damu. Akamwuliza baba yake swali fupi, na sauti yake haikuwa ya ukali tena. Mudiri akanitafsiria kwa kunong'ona: anauliza, na mapipa aliyoyapa jina tangu hapo, aliyachagua vipi?

Mzee alimgeukia binti yake.

"Anasema," Mudiri akanong'ona, "kila pipa alikuwa anampa binti naye aonje. Kisha anamtazama uso. Anasema: mimi nilichagua uso wako."

Kumbe pua ya shamba lile ilikuwa imesimama pale siku zote, inafungua chupa!

Binti alilia mbele za watu, hakujificha. Kisha akaja moja kwa moja kwangu. Nikarudi nyuma, nikadhani ananipiga. Akanikumbatia. Alivuta pumzi ndefu begani kwangu, pale pale udi ulipokolea, akageuza shingo akaanza kumwambia baba yake anachokinusa, kimoja kimoja. Waridi. Sandali. Sukari iliyoungua. Mzee kafumba macho, anasikiliza. Wallahi alikuwa sawa, ndivyo nilivyoupika.

Lunch haikuvunjika. Tulitoa meza nje kwenye baraza, upepo ukaondoa moshi, na binti ndiye aliyesema mpaka mwisho. Mudiri alinirudishia ufunguo, nikaufunga tena kiunoni. Mwisho wa mwezi niliagwa ukumbini, na yeye mwenyewe ndiye aliyebeba chetezo.

Sasa nakaa Nizwa, shuka zangu nazikunja pembe kama bahasha ingawa hakuna wa kunikagua. Vijana wanaponiuliza habari za mvinyo ule mashuhuri, nawaambia ukweli: sijui mpaka leo kama unanukia au unanuka. Mchana ule tulikuwa wawili ukumbini tusioisikia harufu yake, mimi na mwenyewe aliyeutengeneza.