Nafasi ya Jaffar Kule Bombay

Mwanangu Jaffar ni daktari msaidizi katika idara ya afya ya mji, lakini watu wa Mji wa Kale wanamjua kwa visima kuliko kwa dawa. Asubuhi hupita nyumba baada ya nyumba, akichota maji ya visima vya uani na kuyatia katika chupa apeleke kupimwa. Watu hawampendi kwa hilo. Mwanamke mmoja wa Kibokoni alipata kumwambia mbele yangu, "We Jaffar, babako alikuwa akija kwetu kwa posa na maulidi, wewe waja kutuchungulia vyoo." Jaffar alicheka, akachota maji yake, akaenda nyumba ya pili.

Udaktari aliusoma Kampala, akarudi mwaka wa 1944. Nilidhani masomo yamekwisha. Mimi nilisoma chuoni nikakhitimu Kurani, na hati hizi ninazoandika alinifundisha marehemu mume wangu tulipokuwa wachanga wa ndoa. Kizungu sikijui. Kwa hiyo sikuelewa kwamba baada ya masomo kuna masomo mengine.

Mambo yalianzia nyumba ya Shariffa, jirani yetu wa nyuma. Watoto wake watatu walishikwa na homa ya matumbo. Jaffar aliwahudumia siku kumi na moja, akaja nyumbani kubadili nguo tu. Wawili walikufa, kaka na dada, mmoja Jumatatu na mwenziwe Alhamisi. Siku ya tatu ya matanga Jaffar alikwenda uani kwa Shariffa akapima kwa miguu toka kisima mpaka choo. Hatua tano. Aliporudi aliketi ukumbini akasema, "Mama, mimi natibu mmoja mmoja, na kisima chawagonjwesha kumi kumi."

Ndipo akaanza kuandikia vyuo. Elimu aliyoitaka aliiita afya ya umma: mambo ya maji na uchafu, panya wa maghala ya Shimanzi, ndui, mbu, namna ya kuzuia ugonjwa kabla haujaingia mjini. Mtu huisoma akiwa tayari ameshasoma udaktari. Aliandika London, Calcutta na Bombay, na barua zote zilikuja kwa sanduku la posta la Bwana Noormohamed, mwenye duka la leso mtaa wa Biashara, kwa kuwa sisi hatukuwa na sanduku.

Vitabu vya vyuo vilipofika, Jaffar alivipanga mezani akanisomea kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba mimi ndimi nitakayekwenda. Kuna chuo kinataka cheti cha miaka sita. Kuna kinachotaka mtu awe amefanya kazi miaka miwili. Fomu zilitaka siku ya kuzaliwa, nami nikamwambia ninavyojua: mwezi wa Mfungo Tatu, mwaka wa njaa kubwa, siku ya Ijumaa. Alikaa na kalenda mchana kutwa akihesabu kurudi nyuma mpaka akapata tarehe ya Kizungu. Zilitaka pia barua ya mkubwa wake wa kazi. Mzungu yule aliiacha mezani wiki tatu, akaja akaandika mistari minne. Jaffar alinifasiria: kwamba ni mtu mwaminifu na hufika kazini kwa wakati. Nikamuuliza kama hakuandika habari ya visima. Akasema hakuandika.

London walijibu kwanza, kwamba cheti cha Kampala kwao hakitoshi. Barua ile aliikunja akaiweka, wala hakuitaja tena. Calcutta wakajibu kwamba wanampokea. Bombay wakasema cheti chake kinafaa ila nafasi zimejaa, watamweka katika orodha ya wanaosubiri, na akitoka mtu watamwita.

Basi nafasi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa Calcutta. Na mwaka ule wa 1946, mwezi wa nane, zikaja habari za mauaji ya Calcutta. Bwana Noormohamed alikuja na gazeti lake la Kigujarati, akaketi barazani akamweleza mume wangu, nami nilikuwa nyuma ya mlango nasikia yote: maiti njiani, nyumba za Waislamu na za Mabaniani zikichomwa, tai wakishuka mchana. Jaffar alisema masomo yataanza baada ya miezi, mambo yatakuwa yametulia. Sikumkataza. Mimi si mama wa kukataza. Niliacha kula mbele yake tu, siku ya kwanza na ya pili na ya tatu, na kila akiniuliza nilimwambia sina njaa. Siku ya nne aliandika barua ya kuikataa Calcutta. Aliniuliza kama Bombay ningeikubali, kwa kuwa huko nako hakukosi vurugu. Nikasema Bombay si mbali, meli zake zinakuja hapa kila mara, na Bwana Noormohamed ana jamaa huko. Nilisema hivyo nikijua kwamba Bombay hakuna nafasi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata mume wangu alifariki. Nikaingia eda.

Eda yetu ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hutoki, hujipambi, hujitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wako, yaani awezaye kukuoa, hakuoni. Ndivyo sheria ilivyo. Lakini wazee wetu wa kike walizidisha: mamangu alinifunza kwamba hata sauti yako mwanamume wa kando asiisikie, akibisha hodi nyamaza mpaka aje mtu mwingine wa nyumbani. Alikaa eda hivyo, na mamake hivyo. Sikuwahi kumuuliza maalim. Ndugu yangu Mwanaesha alihamia kwangu ili awe anaitikia mlango na kwenda sokoni.

Mwezi wa tano ndui ilitokea Lamu. Jaffar akatumwa kwenda kuchanja watu, siku ishirini. Kabla ya kuondoka alimwagiza Mwanaesha kila Alhamisi apite kwa Bwana Noormohamed kuuliza barua. Alhamisi ya kwanza Mwanaesha alirudi na mzaha wa mzee yule: "Mwambie dada, barua za Bombay nizipatazo zote ni bei za leso zimepanda. Daktari akitaka kusoma hizo, aje achukue."

Jumamosi yake, Mwanaesha akiwa sokoni Mwembe Tayari kununua mchele, mlango ulibishwa. Sauti ilikuwa ya mwanamume wa bara. Alisema hodi mara tatu, kisha akasema, "Telegramu. Kuna mtu hapa? Ni kuweka sahihi tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Telegramu haikuingia sandukuni kama barua, ililetwa mlangoni, na kwetu haikuwa na habari njema. Waliopata telegramu wakati wa vita walianza kulia kabla ya kuifungua. Nikamfikiria Jaffar Lamu katikati ya wenye ndui. Nilijiambia kwamba mimi mwanamke wa eda, sina ruhusa ya kusema. Nikakaa kimya mpaka akaenda. Kesho yake mjumbe alirudi, na Mwanaesha alikuwa kwenye mazishi mtaani Kuze. Alibisha zaidi. Alisema, "Mama, kama uko ndani, ni ya haraka." Kisha akasukuma karatasi chini ya mlango.

Karatasi ile ilikuwa ya posta, imepigwa chapa ya Kizungu na maneno machache ya wino. Niliiweka katika zidaka za ukutani. Nilitaka kumpa Mwanaesha aipeleke ikasomwe, na kila alipoingia chumbani nilimpa kazi nyingine. Niliona kwamba maadamu haijasomwa, mwanangu yu hai. Siku ya nne tokea hapo akaja mke wa nahodha mmoja wa Lamu na salamu za Jaffar, kwamba hajambo, amekonda kidogo, anakula kwao. Nililia kwa kushukuru. Na hapo nikajipa jibu jingine: ile ni telegramu ya rambirambi iliyochelewa, kama zile zilizotoka Unguja mume wangu alipofariki. Basi nikaiacha ilipo.

Jaffar alirudi jioni ya siku ya kumi na tisa, uso mweusi kwa jua. Niliitoa karatasi nikampa baada ya kula. Aliisoma akasimama, akasema ni hati ya kuitwa posta kuchukua telegramu. Asubuhi na mapema alikuwa posta. Ilikuwa ni Bombay. Mtu mmoja ametoka, nafasi ni yake, ajibu katika siku saba.

Siku saba zilikuwa zimekwisha wiki nzima nyuma. Alijibu siku ile ile kwa telegramu, kisha akaandika barua ndefu kueleza: kwamba alikuwa kwenye ndui, kwamba nyumbani palikuwa na msiba. Alinisomea. Aliandika kwamba hapakuwa na mtu wa kupokea. Akaniuliza, bila kuniangalia, "Mama, hukusikia hodi?"

Nikasema, "Sikusikia. Nilikuwa jikoni."

Akaikunja barua.

Jawabu lilikuja mwezi wa saba. Nafasi amepewa mwingine, na kwa hali ya nchi yao sasa hawajui mwakani watachukua watu wa ng'ambo au la. Alinieleza kwa maneno machache tulipokuwa tunakula, akanawa mikono, akarudi kazini. Baadaye idara ikamwambia kwamba ruhusa ya masomo aliyopewa ilikuwa ya mwaka ule tu.

Nilipotoka edani nilikwenda kwa mke wa maalim wetu, nikamwomba amuulize mumewe, bila kutaja jina, kama mjane akibishiwa hodi kwa jambo la haja anaweza kuitikia. Alirudi na jibu papo hapo. Maalim amesema anaweza, hata kufungua akiwa amejisitiri, na nani aliyewaambia wanawake vinginevyo. Nilirudi nyumbani nikakaa na neno hilo mwezi mzima. Jaffar alikuwa akiamka, akienda, akirudi. Hakupunguza adabu hata kidogo, na mimi nilikuwa nikimwangalia kila saa nione hasira iko wapi, nisiione.

Mwisho nilishindwa. Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, anavua kanzu. Nikamwambia, "Jaffar, nilisikia. Mara zote mbili. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango."

Akaitundika kanzu. Akasema, "Najua, mama."

Nikamuuliza amejuaje.

"Yule mjumbe wa posta, Joab, aliniambia siku ile ile niliyokwenda. Alisema alisikia mtu anakohoa ndani."

Nikasema mbona hakuniambia, akaniacha na uwongo wangu miezi yote ile. Akasema angesema nini, nilikuwa mwanamke wa eda, nimefiwa, na nilifanya nilivyofunzwa. Nilianza kumwomba radhi, akanizuia kwa mkono, akisema hakuna radhi ya kuomba. Akaketi kitandani karibu yangu. Nilidhani yamekwisha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ninavyomsikia akiuliza wagonjwa wanapoumwa:

"Mama, kama ungejua ni ya Bombay, ungefungua?"

Nikasema ndiyo. Lakini nilichelewa kidogo kusema, naye alisikia nilivyochelewa.