Mikono Iliyonifunga Mkufu wa Mama

Kuna watu wanadhani hii nimetunga. Sawa. Lakini ilinipata mimi mwenyewe, kule Mashuuru kwa kina mama, saa tano asubuhi, jua likiwaka.

Mama yangu alikuwa Mmaasai. Alifariki nikiwa na miaka minne, nikalelewa Kitengela na shosho, mama ya baba, nyumba ya Kikuyu. Sura ya mama siikumbuki. Niko na kitu kimoja tu chake: mkufu wa harusi, mpana kama sahani, shanga nyeupe, nyekundu na buluu.

Binamu yangu wa upande wa mama alipoolewa, niliubeba. Nikajifungia chumbani kwa mama mkubwa, dada ya mama, nikaweka komeo. Niliona haya. Mtoto wa Mmaasai, miaka thelathini, hajui kuvaa shanga? Shuka niliiweza. Mkufu ukanishinda.

Ndipo mikono ikanishika kisogoni. Niamini, sikuogopa. Ilikuwa na joto, ikinukia moshi na maziwa ya kibuyu.

"Umegeuza, Naserian," sauti ya mwanamke ikasema. "Nyeupe inakaa juu. Inama kidogo."

Nikainama. Nilidhani ni mmoja wa wageni, komeo nimelisahau. Alifunga kamba polepole, kama mtu asiyetaka kumaliza.

"Asante, yeiyo," nikasema, maana kwa Kimaasai ndivyo unavyomwita mama yeyote.

Mikono ikatulia. Ikanibana mabega. Ikaachilia.

Nikageuka. Hakuna mtu. Komeo liko vile nililiacha. Halafu nikajiuliza, Naserian ni nani? Kila mtu ananiita Wanjiru.

Nilitoka mbio. Mama mkubwa akanishika shingo, akatazama fundo kwa muda mrefu.

"Nani amekufunga?"

"Sijui. Ameniita Naserian."

"Mamako alitumia mkono wa kushoto," akasema. "Fundo lake lilikuwa hivi. Na Naserian ni yeye tu aliyekuita." Akaketi chini pale pale, na nguo zake za sherehe.

Tangu siku hiyo, kila harusi ninayoitwa, najifungia chumbani na kuuvaa mkufu vibaya kwa makusudi. Nasimama hapo mpaka miguu iume. Bado hajarudi.

Kwa hivyo wewe, ukihisi mikono ya namna hiyo, usiharakishe kushukuru. Ishike kwanza. Uliza ni nani. Mimi nilimshukuru kama mtu wa njiani, akaenda.