Mgowe wa Filemoni Mligo

Filemoni Mligo alikuwa mtu wa vinyungu, zile bustani za bondeni zisizokauka hata kiangazi, na miezi ambayo vinyungu havikumhitaji alikwenda kumenya magome ya miwati kwa ajira ya kutwa. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu wa miwati mpaka kwenye viwiko, na haikutakata hata alipoiosha kwa mchanga Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Ujanani alikuwa amekata mkonge Tanga. Alirudi na homa iliyomtembelea kila mwaka, na alipoulizwa Tanga kukoje alijibu tu, "Kuna joto."

Upande wa Kidugala, alikozaliwa na kubatizwa, shamba likimzidi mtu nguvu aliita mgowe. Ndugu na majirani walikuja alfajiri na majembe yao, wakajipanga mstari mmoja, wakalima kwa nyimbo mpaka kazi ikaisha. Mgowe ulikuwa na adabu yake. Mwenye kazi hakushika jembe siku hiyo. Alikaa pembezoni na kibuyu cha togwa, akawanywesha waliochoka. Akijitia kulima nao, watu waliona anawasimamia, haiamini mikono yao, na kulikuwa na waliowahi kubeba majembe wakaondoka kwa sababu hiyo tu. Filemoni aliipenda adabu hii kuliko karibu kila kitu alichokijua duniani. Alikuwa mpole, mgumu wa maneno, na mgowe ulisema kwa niaba yake yale aliyoshindwa kuyasema.

Mwanawe wa pekee aliyeishi aliitwa Manase. Alipofaulu kuingia shule ya serikali ya bweni iliyokuwa juu ya barabara ya kwenda Njombe, mchungaji aliliombea jina lake kanisani, na mkewe Filemoni, Tabea, alilia kwa furaha mpaka akachekwa.

Shule ile iliendeshwa kijeshi. Mkuu wake alikuwa Mwingereza aliyepigana vita Burma, na msaidizi wake wa gwaride alikuwa sajini mstaafu wa keya, jeshi la Waingereza, mtu wa mbali, mwenye sauti iliyovuka mabonde mawili. Vijana waliamshwa kwa tarumbeta, wakatandika vitanda vikawa kama mbao, wakapiga gwaride kabla ya uji. Kila bweni lilikuwa na koplo wake, mwanafunzi aliyewajibika kwa makosa ya wenzake wote. Wazazi walikaribishwa mara moja kwa mwaka. Walikaa kwenye mabenchi nyuma ya kamba, wakapiga makofi walipoambiwa wapige, wakarudi makwao. Siku nyingine mzazi hakuvuka lango.

Filemoni hakuiona kamba ile kuwa ubaya. Mara ya mwisho alipokaa kwenye benchi alimwona Manase akiongoza bweni lake, kaptula imenyooshwa, mkanda mwekundu wa koplo begani, sauti imekuwa nzito. Alipewa kikombe cha hesabu na kingine cha bweni safi. Mkuu wa shule alimshika mkono mbele ya watu. Mzazi wa jirani alimgusa Filemoni ubavuni.

"Yule wako?"

"Ni wa Mungu," alijibu Filemoni, kisha akaona ameongopa kwa unyenyekevu. "Wangu. Yule wangu."

Ulikuwa umebaki mtihani wa darasa la kumi. Akiufanya na kuufaulu, na walimu walisema ataufaulu, Manase angekwenda kusomea ualimu au uganga wa hospitali. Akiukosa, hakukuwa na mlango mwingine. Serikali haikumrudisha mtu darasani kwa kumhurumia. Filemoni alilijua hilo, na Tabea alilijua, na waliishi mwaka ule wakiwa wameushikilia mtihani ule kama watu waliobeba chungu kilichojaa.

Habari mbaya ilimkuta kwenye gulio la Makambako. Alikuwa akinunua chumvi aliposikia anaitwa. Aliyemwita alikuwa Vestina, mama wa Kikatoliki kutoka karibu na Njombe, aliyepeleka kabichi na viazi kwenye jiko la shule ile.

"Baba Manase, kamwene."

"Kamwene, mama."

"Wewe unachagua chumvi kama bwana harusi, na mwanao anaisha na jembe?"

"Jembe gani tena?"

Vestina alitua kapu. Akamweleza kwamba mtoto mmoja wa bweni la Manase alitoroka kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Jioni, walipokaguliwa, Manase alipaza sauti akasema wote wapo. Kulipokucha uwongo ulijulikana. Mkuu wa shule akamvua mkanda mwekundu mbele ya gwaride, akampa adhabu ya kulima mteremko wote wa nyuma ya shule, peke yake. Mpaka aumalize, haingii darasani.

"Mteremko ule una mizizi kama nywele za shetani," alisema Vestina. "Ng'ombe wa kukokota jembe wangekataa. Namwona kila niendapo na kabichi zangu. Jana mikono ilikuwa inatoka damu. Nikamwambia, mwanangu, sema umechoka. Akaniambia, 'Mama, ondoka hapo, utaniongezea.'"

"Na mtihani?"

"Mtihani hausubiri, mzee. Wenzake wanasoma."

Filemoni alirudi nyumbani akasahau chumvi. Tabea alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kanga.

"Tukamwombe mkuu wa shule."

"Tutamwomba kwa Kiingereza gani? Na lango lile nani atatufungulia?"

"Sasa tufanyeje?"

"Ni shamba tu, mama Manase," alisema Filemoni, na kwa mara ya kwanza tangu Makambako uso wake ulilegea. "Shamba limemzidi mtu nguvu. Hatujui la kufanya shamba likimzidi mtu?"

Hakukuwa na mtu aliyekataa. Walikuja ndugu zake, na shemeji yake Odilo aliyeoa upande wa Wakatoliki, na wazee wawili wa kanisa, na dada yake Dorika aliyelima kuliko wanaume. Odilo alitania njia nzima.

"Leo tunakwenda kuisomea shule yenyewe. Baadaye wasiseme hatukufika darasa la kumi."

"Wewe hata mlango wa darasa la pili ulikukataa," alisema Dorika.

"Ulikuwa mfupi, nikagonga kichwa."

Walilala kwa jamaa wa Odilo karibu na shule, na Jumamosi alfajiri wakapanda mteremko kwa upande wa nyuma, usiokuwa na lango wala ua. Ukungu ulikuwa mzito. Walikuta kipande alichokwisha kulima Manase, kidogo, kimekatwa sawasawa kana kwamba kwa kamba. Mbele yake ulitanda mteremko wote. Dorika alipiga mluzi. Kisha wakajipanga.

Manase alikuja na jembe lake begani baada ya gwaride. Alisikia nyimbo kabla ya kuwaona, na alipowaona alisimama. Alikuwa amekonda. Hakuwa na mkanda.

"Baba. Mnafanya nini?"

"Kamwene, mwanangu. Tumekuja."

"Baba, acheni. Nakuomba acheni, ondokeni kabla hawajaja."

Filemoni aliisikia hofu katika sauti ile, akaielewa vibaya. Alidhani kijana anaona haya, kama mtu yeyote muungwana anavyoona haya wakubwa zake wanapomlimia. Hata nyumbani mwenye kazi husema, jamani mmechoka, acheni. Hakuna anayeacha.

"Weka jembe chini," alimwambia.

"Baba, huku si nyumbani."

"Shangazi yako anatokwa jasho, na wewe unataka kumsimamia? Weka jembe. Kaa pale. Shika kibuyu."

Manase alimtazama baba yake, akautazama mstari wa migongo, migongo ya watu waliombeba angali mchanga. Shuleni alikuwa amejifunza kutii pasipo kuuliza, lakini alikuwa amejifunza kutii kwa baba yake kwanza. Aliliweka jembe, akakaa, akashika kibuyu.

Walilima kama watu waliokunywa dawa. Jua lilipotoboa ukungu mteremko ulikuwa umebaki ukanda mwembamba, na Dorika alikuwa akiimba juu ya kabichi za Vestina, na watu wakicheka. Ndipo sajini alipotokea juu ya kilima. Hakupiga kelele. Alisimama kidogo, akageuka, akarudi na mkuu wa shule.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa shingo. Alitembea juu ya udongo uliolimwa, akauangalia kama anayesoma. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, lakini kilitosha.

"Nani hawa?"

"Baba yangu, bwana," alisema Manase. Alikuwa amekwisha simama, visigino pamoja. "Na ndugu."

Filemoni alivua kofia, akasogea.

"Tumekuja kusaidia kazi ya shule, bwana mkubwa. Imebaki kidogo. Leo inaisha, kesho kutwa mtoto anarudi darasani."

Mkuu wa shule alimtazama pasipo ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha Filemoni baadaye kila alipolikumbuka.

"Mzee, shule haitaki shamba hili," alisema. "Mimi nina trekta. Sitapanda kitu hapa. Nilitaka yeye alime."

Filemoni hakuelewa. Aliyaelewa maneno, lakini hakuweza kuyaweka mahali. Shamba lisilotakiwa. Kazi isiyotakiwa iishe. Aligeuka kumtazama Odilo, na Odilo, mtani wa njia nzima, alikuwa akiutazama udongo.

Sajini alisema jambo kwa Kiingereza, na mkuu wa shule akaitikia kwa kichwa.

"Hii ni ardhi ya serikali," alisema sajini kwa wote. "Kundi la watu limeingia bila ruhusa, na vyuma mkononi. Hilo ni la boma. Mtakwenda kwa DC leo hii, na kuna jela ndani yake. Labda awe amewaita huyu hapa. Kama amewaita yeye, kosa ni lake, na litamalizwa hapa shuleni."

Mkuu wa shule alimgeukia Manase.

"Wewe uliita hawa?"

Dorika alikuwa ameegemea jembe, pumzi zikimpanda. Mmoja wa wazee wa kanisa alikuwa na mke mgonjwa nyumbani, mwingine alikuwa ameacha wajukuu. Filemoni alifungua kinywa. Alikuwa na maneno yote tayari: si yeye, ni mimi, hakujua lolote, nimemkalisha mwenyewe.

"Nyamaza, baba," alisema Manase kwa Kibena, lugha ya nyumbani, macho yakiwa mbele.

Na Filemoni akanyamaza. Hilo ndilo alilolifanya. Angeweza kusema, na kinywa kilikuwa wazi, na akakifunga.

"Niliwaita mimi, bwana," alisema Manase.

"Ukawa unakaa na kunywa, na wazee wanafanya adhabu yako?"

"Ndiyo, bwana."

Mkuu wa shule alishusha pumzi. Labda hakuamini. Labda aliamini. Alisema Manase akusanye vitu vyake. Akapanda kilima polepole, akikwepa matuta.

Walirudi kwa barabara kubwa, majembe begani, na Manase mbele akiwa na sanduku lake la bati. Alikataa kupokewa. Vumbi la magari ya Njombe liliwapitia. Walipokaribia kuachana na Odilo, Filemoni alimfikia mwanawe.

"Ungesema ni mimi."

"Wangekupeleka boma. Wote wangekwenda."

"Ungesema ni mimi peke yangu."

"Baba, wangekuuliza wewe nani. Ungesema nini? Mzazi?" Manase alihamisha sanduku bega la pili. "Mzazi pale ni mtu wa kupiga makofi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, Filemoni angekuwa na cha kujibu.

Tabea aliwapokea mlangoni, akaliona sanduku, akaelewa. Hakumuuliza mumewe swali lolote, siku ile wala siku nyingine. Wiki ya mtihani ilikuja ikapita. Manase alilima vinyungu na baba yake, akaamka kabla ya jogoo kwa mazoea, akatandika kitanda chake cha kamba kikawa kama ubao. Mchungaji aliandika barua kwa shule, haikujibiwa. Filemoni mwenyewe alitembea mara mbili mpaka lango lile, na mara zote mbili mlinzi alimwambia siku ya wazazi bado.

Mvua zilipokatika, lori la wanaoajiri watu wa mkonge lilisimama Makambako. Manase alimwambia mama yake usiku, na baba yake asubuhi.

"Kuna joto," alisema Filemoni.

Alimsindikiza. Vijana walipangwa mbele ya lori, wengi hawajui kusimama, wanasukumana na kucheka. Karani alipoita jina la Manase Mligo, kijana alipiga hatua moja mbele, akabana visigino, akaitika kwa sauti iliyofanya wauza viazi wageuke. Karani alitabasamu.

"Tazameni huyu! Huyu amefundwa. Huyu nitamfanya mnyapara kabla hajafika." Akainua macho juu ya watu waliokuja kusindikiza. "Wazazi wake wapo? Nani mzazi wa huyu?"

Watu wakatazamana. Filemoni alikuwa amesimama karibu na tairi la nyuma, karibu kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono akamgusa mwanawe. Mteremkoni wema wake ulikuwa umemwangukia mtoto, na hakujua neno lake sasa lingekwenda kuangukia wapi. Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha, na karani, akiona hakuna anayejibu, akaita jina lililofuata.