Mashine Iliponyamaza Kabla ya Koo Kukatwa

Usinicheke kabla sijamaliza. Tangu niache shule nimefanya vibarua kuanzia Rongai hadi Kajiado, na kila mahali kiherehere ndicho huniponza. Wiki jana nilikuwa nikipiga deki katika hospitali moja hapa Kitengela. Kwenye chumba kimoja, daktari na wauguzi wawili, wamejifunika kuanzia kichwa hadi miguu, walikuwa wakimtoboa koo mzee mwenye kifua kikuu ili wamwekee mrija wa kupumulia. Sista mmoja kati yao alikuwa ameniambia, "Wewe baki nje, na huu mlango usiuguse."

Nikachungulia kwa kioo cha mlango. Kisu kilikuwa kimegusa shingo, na ghafla mashine iliyokuwa ikimpumulia mzee ikanyamaza. Kifua chake kikaacha kupanda. Nikajua tu stima imepotea tena, na hawa wameinama hawaoni! Sikujiuliza mbona taa ya chumba ilikuwa bado inawaka.

Nikafungua mlango kwa kishindo. "Daktari! Mashine imezima! Mzee anakufa!"

Hakuna aliyeinua kichwa. Daktari aliingiza mrija, sista akawasha mashine, kifua cha mzee kikapanda. Ndipo daktari akanigeukia.

"Bosi, tumeizima sisi. Tukikata koo ikiwa bado inasukuma hewa, ugonjwa wote unaturukia. Sasa wewe, barakoa yako iko wapi?"

Nikajipapasa uso. Ilikuwa kidevuni. Nilikuwa nimeishusha mwenyewe, ndio wanisikie vizuri.