Kitone Chekundu Chini ya Ngazi

Chuo kilipotaka kukarabati jengo letu, nilipewa kazi niliyoililia mwenyewe: kuchunguza wanafunzi wanasomea wapi hasa, ili wachora ramani wasichore kwa kubahatisha. Wiki tatu nilizunguka na ramani ya jengo mkononi, nikibandika kitone chekundu kila nilipomkuta mtu na kitabu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Chini ya ngazi za nyuma, palipotupwa madawati mabovu, nilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akinyonyesha huku anasoma. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Batsinda na mtoto mgongoni, maana hakuwa na wa kumwachia. Mimi nimelelewa Tanzania na Kinyarwanda changu ni cha kuungaunga, basi akanisemesha Kiswahili.

"Mwarimu, mbabarira, nisamehe, usiandike hapa. Wakijua, watafunga. Mtoto iko kidogo, na mimi nabakiza mitihani tu."

"Nisipoandika, hawatajua kwamba upo," nilimjibu. "Watakujengea pazuri zaidi. Niamini."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: alinishikia ncha ya futi nilipokuwa napima.

Ripoti yangu ilisifiwa. Wanafunzi wengi walitaka mwanga, nami nikapendekeza mwanga. Habari ya kitone chake niliieleza kwa mstari mmoja, kurasa za mwisho, nikadhani mstari unatosha. Madawati yakaondolewa, pakawekwa viti vya rangi na kuta za vioo, na wakubwa wa wizara wakaja kutoka Kacyiru kupiga picha.

Wiki ya ufunguzi yule mwanafunzi alikuja. Alikaa kwenye kiti cha kijani, mtoto akaanza kulia. Akageuka huku, vioo, watu wanapita. Akageuka kule, vioo vilevile. Akafunga daftari. Nilimkimbilia hadi getini, nikihema, nikamwambia aje asomee ofisini kwangu, hata leo.

"Murakoze, Mwarimu," alishukuru kwa adabu ileile ya siku zote. "Lakini usinitafutie tena nafasi."

Nilitaka kujitetea, kwamba utafiti ulikuwa sahihi. Na kweli ulikuwa sahihi. Nilisimama pale getini nikiona aibu.

Mtihani wa kwanza nilisimamia mimi. Niliweka karatasi yake mezani pake, nikawa natazama mlango kila dakika. Saa tatu zilipokwisha, niliichukua na kuirudisha kwenye bahasha, haijaandikwa kitu.